Muulize Babu wa Melini: Kochi unayoiendea ni ipi?

Toleo lililopita nilitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba nilikaa miezi miwili Kochi kule India nikimuuguza mke wangu. Sentensi moja! Barua zilizokuja zimezidi zile za mwaka mzima nilipokuwa nawaeleza namna ya kuzuia kutu kwenye mashine za boti. Haya, nimejua mnachokipenda. Ukurasa wote wa leo ni Kochi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: msiniite nahodha. Nilikuwa fundi wa mitambo, miaka 22 chini ya sitaha ambako hakuna hata dirisha. Kochi nilifika kwanza 1987, meli yetu ilipopandishwa chelezoni kwa matengenezo, tukakaa wiki tano. Mara ya pili ni Novemba 2024, na safari hiyo nilikuwa na mke wangu, goti lake bovu, na ujuaji wangu.

*Shikamoo Babu. Nampeleka mama kutibiwa moyo. Barua ya hospitali imeandikwa "Edappally, Kochi". Binamu yangu ameona picha za Fort Kochi mtandaoni, anasema tupange huko kwa kuwa ni pazuri na ni Kochi hiyohiyo. Mwenye chumba anataka nusu ya malipo wiki hii. Nilipe? — Binti ya Mama, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Usilipe. Kosa analotaka kukutia binamu yako ndilo nililolifanya mimi, tena nililifanya nikijiona mjuzi kwa sababu niliwahi kufika.

Kochi si mji mmoja. Ni jina moja lililotandikwa juu ya bara, rasi na visiwa. Bara kunaitwa Ernakulam, na huko ndiko kwenye hospitali kubwa, mahakama, maduka na treni. Ukikata tiketi ya treni utaona hata stesheni zake zimeandikwa Ernakulam. Ng'ambo ya maji, upande wa bahari kuu, kuna rasi yenye Fort Kochi na Mattancherry. Kaskazini ya rasi, ukivuka mlango wa bandari, kuna kisiwa kirefu cha Vypin. Katikati ya maji viko Willingdon, Vallarpadam, Mulavukad ambacho ncha yake ya kusini huitwa Bolgatty, na vingine vidogo ambavyo wenyeji huviita *thuruthu*. Sasa chukua Dar: hospitali iko Mwenge, wewe umepanga Kigamboni kwa sababu zote ni Dar. Ndivyo ilivyo.

Sisi tulipanga Fort Kochi, nyumba ya zamani yenye baraza na mti mkubwa wa mvua mbele yake. Pazuri, sikatai. Kesho yake tukaanza safari ya kwenda kumwona daktari. Kwa gari unashuka kusini hadi Thoppumpady, unavuka daraja unaingia Willingdon, unavuka daraja jingine unatoka Willingdon, ndipo unaikanyaga Ernakulam. Hapo bado hujafika. Una mji mzima wa kuukata kuelekea kaskazini. Tulitumia saa moja na dakika arobaini. Mke wangu, mguu kaunyoosha kwenye kiti cha nyuma, hakusema neno njia nzima. Aliyeoa anajua maana yake.

Mara ya pili dereva akatupitisha upande wa juu: pantoni ya magari kutoka Fort Kochi hadi Vypin, ambayo ni mwendo wa dakika chache tu, kisha madaraja ya Goshree yanayoruka kutoka Vypin hadi Vallarpadam, Vallarpadam hadi Bolgatty, Bolgatty hadi bara pale karibu na Mahakama Kuu. Ilikuwa nafuu kidogo, ila foleni ya pantoni ungedhani uko Likoni saa kumi na moja jioni. Siku ya tatu tukahamia Edappally. Nyumba haikuwa na mandhari yoyote, dirisha lilitazama ukuta wa jirani, lakini chini kulikuwa na duka la dawa na hospitali ilikuwa umbali wa bajaji moja.

Kwa hiyo panga Edappally, au Kaloor ukikosa. Uwanja wa ndege uko Nedumbassery, mbali kaskazini ya mji, na ukitoka huko unaifikia Edappally kabla ya kuingia kwenye msongamano. Treni ya juu inayotoka Aluva hadi Tripunithura ina kituo Edappally, kwa hiyo ndugu watakaokuja kumtazama mama hawatapotea. Jambo jingine: mwenye nyumba anatakiwa akuandikishe serikalini kuwa amelaza mgeni kutoka nje, ndani ya saa 24. Atakayekuambia "hiyo haina haja", mwage.

Fort Kochi mtaenda mama akipata nafuu. Nendeni jioni, mkatazame nyavu za Kichina. Ni wavu mmoja kama shuka iliyoshikwa pembe nne, umening'inizwa kwenye miti mirefu ufukweni. Nyuma yake yamefungwa mawe makubwa kwa kamba, yakishuka wavu unapanda. Wanaume wanne watano wanavuta, wavu unatoka majini, ndani mna samaki saba. Niliwahesabu. Uzito wote ule kwa samaki saba! Lakini mtambo wenyewe, kwa jicho la fundi, umepigwa hesabu sawasawa.

*Babu, mume wangu amepata kazi ya miezi sita huko na ananiita. Nimesikia watu wanapanda boti kwenda kazini. Mimi naogopa maji tangu utotoni. — Mwoga, Lindi*

Unaweza kuishi bara miezi sita usiguse boti, kwa kuwa visiwa vikubwa vina madaraja. Lakini utakuwa umejinyima.

Boti ziko za aina mbili. Zipo za zamani za serikali ya jimbo, zinazoondoka gati kuu la Ernakulam. Ni za kawaida, zinanguruma, zinanuka dizeli, na nauli ni ya kutupa. Halafu zipo hizi mpya zinazoitwa Water Metro, zilizoanza Aprili 2023. Mpango wao ni boti 78, vituo 38, kuunganisha visiwa 10. Bado wanaongeza njia kidogokidogo. Nauli huanzia rupia 20. Zinatumia betri, zinachajiwa gatini abiria wakipanda na kushuka. Niliketi nyuma kabisa makusudi nisikilize mtambo. Sikusikia kitu. Miaka 22 nimekula kelele hadi sikio la kushoto limekufa, leo boti ya watu mia inateleza kimya kama bata.

Kwako wewe mwoga, na kwa mke wangu mwenye goti, la maana ni gati. Gati lenyewe linaelea, linapanda na kushuka na maji, kwa hiyo yakijaa au yakipwa, sakafu ya gati na sakafu ya boti zinalingana. Hakuna kuruka, hakuna kushikwa mkono na mtu usiyemjua. Mke wangu alivuka kutoka Mahakama Kuu hadi Fort Kochi na mkongojo wake, akarudi, akataka kuvuka tena. Anza na njia hiyo. Maji ya humo ndani si bahari. Hayana wimbi la kukutisha.

*Mzee, fundi mwenzio hapa. Ni kweli kuna kisiwa huko kimetengenezwa na watu? Nani alilipa? — Wa Kurasini*

Ni kweli, na umenigusa penyewe.

Zamani mlango wa bandari ya Kochi ulikuwa na fungu la mchanga. Meli kubwa zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwa matishari, na kusi ikianza kuvuma kazi inasimama. Mwaka 1920 akaja mhandisi Mwingereza, Robert Bristow. Akapima mikondo miaka kadhaa kabla ya kugusa kitu, jambo ambalo mafundi wa leo wangejifunza, kisha akalikata fungu. Kufikia 1928 meli kubwa zikaanza kuingia ndani. Mchanga uliochimbwa hakuutupa: aliumwaga pembeni ya kisiwa kidogo cha Venduruthy, ukazungushiwa ukuta, ukashindiliwa, ikapatikana ardhi ya gati, reli, ofisi na uwanja wa ndege. Wakakipa jina la Lord Willingdon, aliyekuwa gavana wa Madras na baadaye mtawala wa India nzima kwa niaba ya Mwingereza. Mhandisi hakupewa kisiwa, kapewa bwana mkubwa. Kawaida yao.

Uliuliza nani alilipa. Ni serikali za kule: Waingereza wa Madras pamoja na falme za Kochi na Travancore, ambazo nazo zilikuwa na masilahi bandarini.

1987 Willingdon ilikuwa inachemka. Malori, vibanda vya chai, mawakala wa meli wakikimbia na mafaili kwapani. 2024 nilimwomba dereva anizungushe nikamwonyeshe mke wangu nilikokuwa nakunywa chai. Barabara ziko wazi, miti imefunga juu, ofisi za bandari zimenyamaza, na stesheni ya treni ya bandarini imekaa bure. Makontena yalihamia Vallarpadam, ng'ambo ya maji, ambako gati jipya lilifunguliwa 2011. Jeshi la majini bado lipo na limechukua sehemu kubwa. Kibanda changu cha chai sikukipata. Mke wangu akasema, "Ulitarajia wakungoje?"

*Assalaam aleikum Babu. Mtaani kwetu kuna Wakachi, na mzee mmoja wao hunambia ana jamaa zake Kochi. Mimi humcheka, namwambia Kachi na Kochi ni neno moja, anajisifia kwao tu. Nani ana haki? — Mwana wa Kibokoni, Mombasa*

Waaleikum salaam. Mwombe mzee radhi, haki ni yake.

Kachi iko Gujarat, kaskazini-magharibi ya India, karibu na Pakistani. Kochi iko Kerala, kusini kabisa. Ni mbali. Lakini nenda Mattancherry, kusini-mashariki kidogo ya Fort Kochi kwenye rasi ileile, utawakuta Wakachi wa Kimemoni na msikiti wao, na hatua chache mbele Wagujarati na hekalu la Kijaini ambako watu hulisha njiwa. Walikuja kufuata biashara, kama waliokuja kwenu. Wapo pia Wakonkani waliotoka Goa, Watamil, na Wamalayali, ndio wenyeji wa Kerala, wa dini tatu. Kwenye mtaa mmoja nilisikia lugha nne kabla sijamaliza kikombe cha chai, nayo huko inaitwa *chaya*, kwa hiyo hilo halikuwa na shida.

Barabara ya kupita ni Bazaar Road. Upande mmoja maduka, upande wa pili magodauni yenye mlango wa mbele barabarani na wa nyuma majini, ili mtumbwi ufike mpaka mlangoni. Pilipili manga, iliki, tangawizi kavu. Mengi sasa yamefungwa au yamegeuzwa kumbi za sanaa. Kila miaka miwili kuna maonyesho makubwa yaliyoanza 2012. Ila harufu ya tangawizi haijatoka ukutani.

Ukifika mwisho wa barabara unaingia Jew Town. Sinagogi lake ni la 1568. Vua viatu, sakafu ni vigae vya Kichina vya buluu na vyeupe, kila kimoja kimechorwa kwa mkono. Jumamosi hufungwa. Wayahudi wenyewe karibu wote walihamia Israel baada ya 1948, na majina yao yamebaki juu ya maduka ambayo sasa yanauza mitandio ya Kashmir. Jirani na hapo kuna jumba la mfalme wa Kochi. Lilijengwa na Wareno, kapewa mfalme wa Kihindu, likakarabatiwa na Waholanzi, na leo linaitwa Jumba la Waholanzi. Ukimuuliza mwenyeji kwa nini, anacheka.

*Babu, shambani kwetu chumvi inapanda kila mwaka. Nimesikia huko wana mpunga unaoota kwenye chumvi. Au ni porojo? — Mkulima wa Rufiji*

Si porojo, ndugu yangu, lakini siyo muujiza.

Mpunga huo unaitwa *pokkali*, na unalimwa Vypin, Kadamakkudy na maeneo ya kandokando. Siri yake ni majira. Kusi inayotupiga sisi ndiyo inayowafikia wao mwezi Juni ikiwa na mvua. Mito inajaa, maji baridi yanaisukuma chumvi nje na kuosha udongo. Hapo ndipo wanapanda, juu ya vichuguu vya udongo walivyovitengeneza kabla. Mpunga unakua mrefu hata kumzidi mtu kimo cha kifua. Oktoba wanakata masuke tu, mabua wanayaacha majini yaoze. Mvua ikiisha chumvi inarudi, nao hawapigani nayo: wanafungua vilango vya shamba, kamba wadogo wanaingia na maji yakijaa, wanakula yale mabua yaliyooza, na wanavuliwa hadi Aprili. Hawatii mbolea, kamba wanaurutubishia mpunga na mpunga unawalisha kamba.

Tatizo ni watu. Nilizungumza na mwenye shamba mmoja Vypin kwa msaada wa mwanawe anayefanya kazi Dubai na alikuwa likizo. Alisema vibarua wa kuingia matopeni hadi kiunoni hawapatikani tena, na majirani zake wengi wamebaki na kamba peke yake kwa sababu kamba wana pesa. Yeye analima bado. Nilimuuliza kwa nini, akaelekeza kidole kwa mkewe. Kwa upande wako, usitafute mbegu zao kwanza. Tazama kama mto wako unaosha chumvi miezi ya masika vya kutosha, kisha muulize bwana shamba.

*Wanakula nini? Mimi pilipili hapana. — Tumbo Dogo, Singida*

Muhogo. Wanauita *kappa*, wanaupondaponda na kuula kwa mchuzi mwekundu wa samaki wenye tunda kavu jeusi la uchachu, si ukwaju. Mchuzi huo utakuua. Kula muhogo mtupu. Asubuhi tafuta *unniyappam*: unga wa mchele, ndizi, sukari guru, umekaangwa kwenye chuma chenye vishimo. Mke wangu alitafuna kimoja akanitazama: "Kitumbua hiki, kimetiwa ndizi."

*Salaam Babu. Nafanya kazi Muscat na vijana wa Kerala. Mmoja wa Kochi kaniambia kwao kuna mzimu wa mtu mweusi, wanampelekea sigara. Ananitania? — Mpemba*

Hakutanii. Nimefika.

Anaitwa Kappiri Muthappan. *Kappiri* ni kafiri yetu hiyohiyo, neno la Kiarabu ambalo Wareno walilidaka wakawaitia Waafrika, likabaki vinywani mwa Wamalayali. *Muthappan* ni babu, mzee wa ukoo. Wanavyosimulia, Waholanzi walipoiteka Kochi 1663, Wareno matajiri walizika dhahabu zao chini ya miti na ndani ya kuta, wakawaua watumwa wao wa Kiafrika na kuwafukia papo hapo ili wailinde. Wenye mali hawakurudi. Mlinzi akabaki. Sasa watu humwona, wanasema, amekaa juu ya ukuta usiku anavuta sigara, na ukipotelewa na kitu atakuonyesha.

Kisa cha dhahabu sikiapii. Ila watumwa hawakuwa hadithi; Wareno waliwapeleka India kwa meli kutoka pwani hii yetu, Msumbiji hasa. Na fikiria hili: da Gama, yule aliyepewa rubani Malindi 1498 akavushwa hadi pwani ya Malabar, hukohuko Kerala, alifia Kochi mkesha wa Krismasi 1524. Mwili wake ulirudishwa Ureno 1539, lakini pale alipozikwa, ndani ya kanisa la Mtakatifu Francis hapo Fort Kochi, bado kuna jiwe na uzio wake, na watalii hupanga foleni kupiga picha kaburi tupu.

Kwa Kappiri hakuna foleni. Ni pembe ya ukuta Mattancherry, mahali panapoitwa Mangattumukku, pameinuliwa kidogo, pana masizi ya mishumaa. Tulifika saa mbili usiku. Palikuwa na mshumaa mmoja unaomalizikia, vipande vya sigara, na chupa ndogo iliyokuwa na tembo la mnazi. Nililijua kwa harufu. Dereva wa bajaji, kijana wa Kikristo, alitutazama sisi, akatazama ukuta, akasema kwa Kiingereza chake kidogo kwamba huyu ni wa kwenu.

Mimi sikujua la kufanya. Si dini yangu, na maiti asiye na jina humwombei nini. Mke wangu akamwambia dereva azime injini. Akashuka na mkongojo wake, goti likiwa na wiki tano tu tangu lipasuliwe, akasogea hadi ukutani, akainamisha kichwa kama tunavyofanya kwa wazee wa Pangani.

"Shikamoo, babu," akasema.